NANI ATABISHA HODI? MAIMAMU WA UGANDA NA VITA DHIDI YA UKIMWI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi. Tumeiacha karibu na ilivyosemwa.)



 

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, na wewe unayesoma kurasa hizi ukisubiri adhana ya Magharibi: Ramadhan Mubarak.

Mada tuliyopewa ni maradhi na jamii. Tukisikia maneno haya, wengi wetu fikira zakimbilia hospitali, wizara ya afya, madaktari na sindano. Hao wana kazi yao na Mungu awalipe. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya watu wengine kabisa: imamu wa msikiti wa kijijini, maalim wa madrasa, mama anayeosha maiti wa kike, kijana mwenye baiskeli yake. Kwa sababu maradhi makubwa yakiingia katika nchi, hayakai hospitalini. Yanakaa nyumbani. Daktari ana elimu na ana dawa, lakini mlango wa nyumba yako haujui. Akija na gari lenye maandishi ubavuni, majirani wote watachungulia, na wewe utajificha. Basi nani atakayebisha hodi ukamfungulia bila wasiwasi?

Swali hili ndugu zetu wa Uganda waliulizwa kwa uchungu mkubwa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Hebu tuangalie walivyolijibu.

ZAMA ZA SILIMU

Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Kasensero, wilaya ya Rakai, kando ya ziwa Victoria na karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa. Mtu mwenye nguvu zake, mfanyabiashara wa magendo mwenye pesa mfukoni, aharisha, akonda, abakia mifupa, kisha yuwafa. Watu walitafuta sababu. Wako waliosema ni uchawi: eti wafanyabiashara wa upande wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao wamewaroga wenzao. Ng'ambo ya pili, mkoani Kagera, ugonjwa uleule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa sana siku zile. Waganda wakauita silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mwembamba.

Angalia majina hayo. Kila mahali watu walimtafuta mwengine wa kumlaumu: jirani, mgeni, mwanamke, kitambaa. Na wakati watu wakilaumiana, virusi vilikuwa vikitembea. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kila watu wazima 100 wa Uganda, takriban 15 walikuwa wameambukizwa. Na dawa hakuna. Mchanganyiko wa dawa unaozuia virusi hivi kweli kweli ulipatikana mwaka 1996, na hata hapo ulikuwa ni wa nchi tajiri. Mwafrika wa kawaida alingoja miaka mingine mingi. Kwa hivyo tunapozungumzia Uganda ya mwaka 1989, tunazungumzia watu wasio na silaha yoyote ila maneno, mikono na mwenendo wao.

Walioanza ni wenye msiba wenyewe. Mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba, aliyekuwa akifanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa katika hospitali ya Mulago, alifiwa na mumewe Christopher Januari mwaka 1987. Aliona jinsi watu wanavyomkimbia mgonjwa na aila yake. Mwaka huohuo yeye na wenzake, jumla yao 16, wakaanzisha chama cha TASO. Wengi wao walikuwa wenyewe wameambukizwa, na wengi wakafa miaka iliyofuata. Kazi yao ya kwanza ilikuwa nini? Kukaa pamoja, kusikilizana, kumtembelea mgonjwa nyumbani na kumwonyesha kwamba bado ni mtu. Mwaka 1989 mwanamuziki mashuhuri Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema kwamba anao ugonjwa huu. Wako waliokataa kumwamini. Akazunguka mashuleni akiwaeleza vijana mpaka akafa mwezi wa Disemba mwaka huohuo.

Sasa wewe utaniuliza, na Waislamu walikuwa wapi?

MAIMAMU WAINGIA DARASANI

Waislamu wa Uganda ni wachache, lakini misikiti yao imesambaa mpaka vijijini. Mwaka 1988 madaktari na wafanyakazi wa afya Waislamu waliunda chama chao, kijulikanacho kwa kifupi kama IMAU. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Dkt. Magid Kagimu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1989 waliwakusanya viongozi wa Kiislamu kutoka wilaya mbalimbali wakazungumza nao juu ya UKIMWI waziwazi. Hapo ndipo ilipotangazwa jihadi dhidi ya UKIMWI. Jihadi kwa maana yake ya juhudi: mtu kupigana na matamanio ya nafsi yake, na kupigana na ujinga wa maradhi.

Lakini tangazo peke yake halimponyi mtu. Madaktari wale walijua kwamba imamu akirudi kijijini na karatasi mkononi, wiki mbili baadaye karatasi itakuwa imefungiwa karanga. Kwa hivyo mwaka 1992 wakaanzisha mradi wa elimu ya UKIMWI kwa familia kupitia maimamu, wakianza na wilaya mbili, Mpigi na Iganga. Na kabla ya kufundisha, waliuliza. Walizunguka wakidodosa: watu wanajua nini, hawajui nini?

Walichokikuta ni muhimu sana. Watu walikuwa wakijua kwamba kuna UKIMWI na kwamba unaambukizwa kwa zinaa. Redio ilishafanya kazi yake. Lakini kulikuwa na mapengo. Wengi hawakujua vizuri kwamba mama anaweza kumwambukiza mtoto wake. Hawakufikiria hatari ya kutahiri watoto kwa wembe mmoja. Na hawakufikiria hatari iliyoko katika kuosha maiti kwa mikono mitupu, pale penye damu na majimaji ya mwili, na mwoshaji ana kidonda kidoleni.

Ebu zingatia, ndugu yangu. Tohara na kuosha maiti! Haya ni mambo yetu ya ndani. Tangazo la redio la nchi nzima lisingeyagusa, kwa sababu aliyeliandika huenda hata hajui kwamba sisi maiti wetu tunamwosha wenyewe, mtoto kwa babake, dada kwa dadake. Ni Mwislamu mwenye elimu ya udaktari ndiye aliyeweza kuliona pengo hili, na ni imamu ndiye aliyeweza kulizungumza bila ya watu kuona kwamba dini yao inatukanwa.

Kazi ikapangwa hivi. Imamu afunzwa. Pamoja naye wafunzwa wasaidizi wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, kwa sababu kuna milango ambayo mwanamume habishi hodi. Halafu wakachaguliwa watu wa kujitolea kutoka mtaa uleule, wapite nyumba kwa nyumba, wakae na familia, wazungumze, warudi tena. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, mradi ulikuwa umeenea wilaya 11, umefunza viongozi wa dini na watu wa kujitolea zaidi ya 8,000, na umefikia familia zaidi ya 100,000. Mwaka 1995 wakaongeza elimu kama hiyo ndani ya madrasa, ili mtoto aisikie kabla ya kubaleghe, kutoka kwa ustadh wake, si vichochoroni.

Kwa nini imamu? Kwa sababu yeye huitwa mtoto akizaliwa, huitwa siku ya nikaha, huitwa mume na mke wakigombana, huitwa mgonjwa akizidiwa, na huitwa roho ikitoka. Hakuna mfanyakazi wa serikali anayeingia nyumba moja mara nyingi kiasi hicho. Alichopungukiwa ni elimu ya maradhi tu. Alipopewa, ile hodi aliyokuwa akibisha siku zote ikawa na faida mpya.

Na mambo yenyewe waliyobadilisha yalikuwa madogo, ya kushikika. Kila mtoto jandoni na wembe wake. Mwoshaji maiti avae glovu, na kidonda chake kifungwe. Kijana na msichana kabla ya nikaha wapimwe damu. Hakuna sunna iliyovunjwa hapo. Maiti alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa, akazikwa na watu wake.

PALIPOKUWA PAGUMU

Nisiwafiche, hayakuwa mepesi yote. Jambo lililoleta mvutano ni mipira ya kondomu. Mwanzoni IMAU haikuiweka kabisa katika mafunzo yake, kwa kuogopa kwamba itaonekana wanafungua mlango wa zinaa. Lakini wale waliokuwa wakipita majumbani walikutana na maswali yasiyojibika kwa kunyamaza. Mume ameambukizwa na mke hajaambukizwa: sasa huyu mama afanye nini? Azae mayatima? Madaktari na masheikh walikaa wakajadiliana kwa subira. Mwishowe wakakubaliana kwamba elimu hiyo itolewe kwa mpaka wake: kwanza kujizuia na uaminifu katika ndoa, kisha mtu aelezwe kile kitakacholinda uhai.

Sikulileta jambo hili ili tubishane leo. Nimelileta kwa sababu ya njia waliyopita. Hawakuamriwa na mfadhili, wala hawakukataa kwa hasira. Walirudi na swali lililotoka ndani ya nyumba za Waislamu, wakalipeleka kwa wenye elimu ya dini na wenye elimu ya tiba wakiwa wamekaa jamvi moja.

Njia hii si ngeni kwetu. Wakati wa tauni ya Amwas huko Sham, karibu mwaka 639 Miladia, Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa safarini kuelekea huko. Alipofika Sargh akapata habari ya maradhi. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Kikureishi, kisha akaamua kurudi na watu wake. Baadaye ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na elimu aliyoipokea kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu kutoingia wala kutoka penye tauni, ikaafikiana na uamuzi ule. Khalifa mzima, na bado aliuliza makundi matatu!

Matokeo ya Uganda? Walipododosa tena baada ya miaka miwili, katika sehemu zilizofundishwa elimu ilikuwa imepanda na watu walikuwa wamepunguza idadi ya wapenzi. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI liliuandika mradi huu kama mfano wa kuigwa, na Novemba 2001 viongozi wa Kiislamu kutoka nchi nyingi walikutana Kampala kuzungumzia maradhi haya. Kwa nchi nzima ya Uganda, ile 15 katika kila 100 ilishuka mpaka karibu 6 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tuseme kweli: sehemu ya kushuka huko ilitokana na vifo, maana aliyekufa hahesabiwi tena. Na si maimamu peke yao, maana walikuwako makanisa, serikali, TASO na wengine. Lakini mabadiliko ya mwenendo yalikuwako, tena kabla ya dawa kufika.

PASIPOULIZWA WATU

Sasa tuvuke bara upande wa pili, tuone mambo yanavyokuwa watu wasipoulizwa kwanza. Mwaka 2014 Ebola iliingia Sierra Leone, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Mpaka maradhi yalipomalizika, katika nchi tatu za Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu zaidi ya 28,600 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,300 wamekufa.

Ebola si kama UKIMWI. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi, na kuugusa tu ni hatari kubwa. Kwa hivyo serikali iliagiza kwamba maiti wasioshwe. Kitabibu ilikuwa sawa. Lakini agizo lilikuja na watu waliovaa nguo za kutisha, wanamtia mzazi wako ndani ya mfuko wa plastiki, wanaondoka naye, hujui kazikwa wapi, hujui kama ameswaliwa. Watu walifanya nini? Waliwaficha wagonjwa. Walizika usiku kwa siri. Na kila mazishi ya siri yakazaa wagonjwa wengine.

Hali ilianza kubadilika pale maimamu na wachungaji walipoingizwa ndani ya mipango. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa mazishi uliotengenezwa pamoja na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo. Aila iulizwe kwanza inataka nini. Maiti wa Kiislamu, badala ya kuoshwa kwa maji, atayamamishwe juu ya mfuko wake na mtu aliyefunzwa. Awekewe sanda nyeupe. Aswaliwe, jamaa zake wakiwa wamesimama mbali kidogo. Kaburi lake lijulikane. Masheikh wakawaeleza watu kwamba dharura ina hukumu zake, na kwamba kutoosha maiti huyu ni kulinda nafsi za walio hai. Virusi vilikuwa vilevile, na mfuko ulikuwa uleule. Ila sasa aliyebisha hodi alikuwa anajulikana. Novemba 2015 Sierra Leone ikatangazwa kuwa maradhi yamekatika.

Nasi hapa Kenya tumeyaonja. Mnakumbuka mwaka 2020, korona ilipoingia. Mwezi wa Machi misikiti ikafungwa. Ikaja Ramadhan, na tarehe 6 Mei 2020 serikali ikazifunga Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna kutoka hakuna kuingia. Watu waliogopa hata kupimwa, kwa sababu ukipatikana nayo wapelekwa karantini, na mwanzoni watu walikuwa wakilipishwa gharama za karantini hiyo! Uvumi ukaenea kuliko maradhi. Lakini ndani ya mitaa hiyohiyo watu waligawana unga na tende, na maimamu waliwatuliza watu waswali taraweh majumbani mwao. Walioaminika ndio waliosikilizwa.

KIDONGE CHA RAMADHAN

Tukifika hapa, mtu atasema: sheikh, hayo ya silimu yamepita, sasa kuna dawa. Kweli, alhamdulillahi, dawa ziko. Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na tangu wakati huo tumefika mbali. Lakini wanaoishi na virusi nchini mwetu ni karibu milioni 1.4. Tusijidanganye kwamba wote wako mtaa wa pili. Wamo katika safu zetu za swala.

Na nataka niwaeleze jambo linalohusu mwezi huu hasa. Chukulia kijana wa miaka 19. Amezaliwa na virusi, hana kosa. Anakunywa dawa tangu mdogo, na mamake peke yake ndiye ajuaye. Mwaka huu mamake yuko safarini, naye amewekwa kwa ammi yake, nyumba ya watu 11. Ramadhan imeingia. Mchana hawezi kumeza kidonge. Futari watu wote wako jamvini, daku watu wote wako macho. Akitoa kichupa, ataulizwa: dawa ya nini hiyo? Basi aacha. Siku moja, siku tatu, wiki mbili. Dawa hizi zikikatwakatwa, virusi vyapata nafasi ya kuzoea, na dawa iliyokuwa ikifanya kazi huenda isifanye tena. Kijana huyu hakuuawa na saumu. Ameumizwa na kukosa mtu mmoja wa kumwamini ndani ya nyumba ya watu 11.

Ufumbuzi wake ni mwepesi kuliko tunavyodhani. Wengi wanaotumia dawa hizi siku hizi wanameza kidonge kimoja kwa siku. Kinaweza kupangwa kimezwe baada ya futari au wakati wa daku, saa ileile kila siku. Aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, apangiwe. Aulize pia juu ya dawa za kiungulia tunazozinunua dukani baada ya kula bajia nyingi, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu ya kidonge zikimezwa pamoja. Na daktari akisema mwili wake hauwezi kufunga, dini imempa mgonjwa ruhusa. Asidharauliwe na asijidharau. Jingine la kujua: mtu anayemeza dawa zake sawasawa mpaka virusi visionekane tena katika vipimo, hamwambukizi mwenzake katika ndoa. Mama anayetibiwa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Haya wangapi kati yetu walikuwa wanayajua? Ndiyo yale mapengo ya Mpigi na Iganga, sasa yako kwetu.

Na wakati wenyewe ni mgumu. Kwa miaka mingi wengi wa wale waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa, wakiwapigia simu na kuwatembelea, walilipwa na fedha za wafadhili, hasa Marekani. Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Hapa kwetu wafanyakazi wengi wa afya walipoteza kazi, na vituo vingi vya matunzo viliunganishwa na kliniki za kawaida, ambako kijana yuwapanga foleni na majirani zake. Mfadhili hakuwa babako, hukuweza kumdai. Mradi wa Uganda pia ulisaidiwa na fedha kutoka nje. Lakini mfadhili akiondoka, elimu iliyo kichwani mwa imamu na mwa mama muosha maiti haiondoki naye.

TUFANYE NINI?

Sitaki tuondoke hapa na huzuni tu. Nataja mambo manne, na yote yawezekana kabla ya Idd.

La kwanza, waoshaji maiti. Kila msikiti una watu wake wa kazi hii, wanaume na wanawake, na wengi ni wazee wetu waliojitolea maisha yao yote. Je, wana glovu? Wana aproni? Wamechanjwa homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huambukizwa kwa damu? Vijana, hili ni lenu. Changeni, nunueni, na mpelekeeni muuguzi awafunze. Na nyinyi wenyewe jifunzeni kuosha, maana wazee hao watatuacha.

La pili, imamu na muuguzi wajuane. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe aalikwe msikitini, akae na imamu na wenye darsa za kina mama, aulizwe kila kitu bila haya. Tangu mwaka 2023 serikali imesambaza wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini. Mmoja wao anahudumu mtaani kwako. Je, wamjua jina? Imamu wako yuwamjua?

La tatu, vijana wawili kwa kila msikiti, wa kiume na wa kike, wafunzwe juu ya maradhi haya na mengineyo: kifua kikuu, kipindupindu, sukari. Hawatakuwa madaktari. Watakuwa watu ambao mgonjwa aweza kuwaambia, nisindikizeni.

La nne ndilo linaloshikilia yote: siri. Ukipewa siri ya mgonjwa umepewa amana. Ukiitoa barazani siku moja tu, hakuna atakayekufungulia mlango tena, si wewe wala wa baada yako, na kijana wetu wa miaka 19 atarudisha kichupa chake chini ya godoro. Maimamu wa Uganda waliaminiwa na familia 100,000. Hiyo ni amana kubwa kupewa mtu, nayo huvunjika kwa neno moja.

Ndugu zangu, mwezi huu tunatembeleana kwa wingi. Sahani za futari zinavuka vichochoro, watoto wanatumwa kwa jirani na bakuli la kaimati. Njia za kuingiana majumbani ziko wazi kuliko mwezi mwengine wowote. Nyumba iliyo na mgonjwa huijui, wala si lazima uijue. Wewe peleka sahani, kaa dakika kumi, na uzungumze namna ambayo mwenye jambo lake atajua kwamba kwako laweza kusemwa. Ukisikia watu wamcheka mgonjwa, wakataze, maana huenda mwenyewe yuko palepale akisikiliza.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupokelee saumu zetu.